Siku Niliyovuka Bonde la Bibi Agripina

Nianze na aibu yenyewe, msije mkanisikiliza mkidhani nataka kujisafisha: niliwahi kuandika uongo kwenye karatasi yenye mhuri, nikausoma kwa sauti mbele ya watu wa Murungu wote, kisha nikaombwa kwa adabu kabisa niuthibitishe, nami kwa ukaidi wangu nikajaribu kuuthibitisha nikiwa nimevaa kaunda suti ya rangi ya maziwa. Wengi waliokuwepo siku hiyo bado wako Kibondo, na tukikutana sokoni wananisalimia vizuri, wananiuliza habari za watoto, lakini naona midomo yao inavyohangaika.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wengi wilayani kwetu na mji wa Kibondo ukajaa magari meupe na watu wa ofisi wanaolala hata wanne chumba kimoja kwa kukosa nyumba za kupanga. Shirika moja likaomba mahali pa kujenga nyumba za wafanyakazi wake, likaonyeshwa mashamba ya Murungu, mteremko mzuri unaoshuka taratibu hadi kwenye bonde la maji, wenye mashamba wakaelewana nalo, na mkandarasi akapatikana, Bwana Sefu wa Kasulu, mtu wa maneno machache na kofia safi iliyodariziwa kwa mkono. Kilichobaki ni karatasi moja. Shirika lilitaka mtu wa serikali athibitishe kwamba nyumba hizo hazitafukuza wanyama wala ndege wanaoishi na kuzaana pale, na mtu huyo wa serikali nilikuwa mimi, Dauson, msaidizi katika ofisi ya wanyamapori, kijana wa miaka ishirini na sita, bwana nyama (ndivyo watu wanavyotuita, na wapo wanaoamini kabisa kwamba kazi yetu ni kugawa nyama ya nyati).

Bosi wangu, Mzee Bitwale, alinipa maagizo akiwa amesimama, jambo ambalo alilifanya pale tu alipotaka usikie kila neno.

"Lile bonde ndilo kazi yenyewe," akasema. "Huku juu kwenye maharage na mihogo usijisumbue sana. Vaa gambuti, vuka, zunguka upande wa pili, tafuta viota na nyayo. Ukihitaji siku mbili, chukua siku mbili."

Nikasema sawa, mzee.

Sasa uamuzi mdogo ulioniponza ni huu: sikuvaa gambuti. Ilikuwa Ijumaa, na Bwana Sefu alikuwa ameniahidi nafasi kwenye pikapu yake mchana huo kwenda Kasulu, ambako kesho yake nilitakiwa kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Doriti, binti niliyekuwa nataka kumwoa, na kwa ajili hiyo nilikuwa nimenunua viatu vipya vya ngozi ambavyo vilikuwa vinanibana vidole vidogo. Nikawaza, nikibeba gambuti zenye tope kwenye gari la mtu nitafika ukweni nanuka kinamasi, na nikivaa viatu hivi kutwa nzima vitalegea kidogo kabla ya kesho, kwa hiyo nitakuwa nimemaliza mambo mawili kwa pamoja (nilijiona mwerevu sana). Nikachukua daftari na darubini ya ofisi, Bwana Sefu akanishusha Murungu asubuhi, akasema saa tisa atapiga honi.

Shamba la mwisho, lile linalogusa bonde, lilikuwa la Bibi Agripina, mjane aliyeingia nchini kutoka Burundi kupitia Mabamba miaka ya sabini akiwa na watoto wawili na sufuria moja, akapewa kipande ambacho hakuna mtu mwingine aliyekitaka, akakilima mpaka kikatamanika. Nilimkuta akipalilia maharage.

"Mwakeye, Bibi," nikamsalimia.

Akaitikia, akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu, na kwenye viatu akakaa kidogo. Nikamweleza kwamba nimekuja kukagua kama kuna viumbe wa porini wanaoishi hapa.

"Basi wako kule," akasema, akanyoosha jembe kuelekea kwenye matete.

"Na maji yanafika wapi?"

Akagusa goti. Akafikiri, akagusa kiuno.

Nikamwambia nitavuka nikishapumzika kidogo. Yeye akaingia ndani akaniletea bakuli la karanga za kuchemsha, nami nikapanda juu ya kichuguu kilichokuwa ukingoni, nikakaa na darubini yangu. Nilikaa pale karibu kutwa nzima. Nikaona kwera wakishona viota vyao, nikaona yangeyange, nikaona fundichuma mmoja amesimama kama ana deni la kufikiria, yote nikaandika. Mara moja nikasikia mlio mzito kutoka katikati ya matete, kama mtu anayepuliza pembe mara mbili halafu ananyamaza. Nikaandika, "Sauti ya ndege mkubwa, haikutambuliwa." Halafu nikafikiri kwamba kitu kisichotambuliwa huzaa maswali, na maswali huzaa safari nyingine, nikakifuta. Nawaambia hili kwa sababu watu husema walipitiwa. Mimi sikupitiwa. Nilishika kalamu, nikapiga mstari juu ya ndege yule.

Honi ikapigwa, nikarudisha bakuli, nikashukuru, nikaondoka. Bibi Agripina alikuwa bado kwenye maharage yake.

Ukweni mambo yalikwenda vizuri. Jumatatu nikakaa na mpiga chapa wa ofisi nikamsomea ripoti, na nilipofika mahali pa kueleza kazi ilivyofanyika, mdomo wangu ukatamka wenyewe: "Mkaguzi alivuka bonde na kuzunguka eneo lote. Hakuna dalili ya wanyama wala ndege wakubwa wanaozaana." Mhuri ukagongwa. Mzee Bitwale akasoma, akaniuliza, "Ulivuka?" nikasema nilivuka, akasaini chini ya jina langu. Kumbukeni hapo, jina lake nalo likaingia.

Wiki tatu baadaye ukaitishwa mkutano wa kuutangaza mradi, pale pale shambani. Mvua zilikuwa zimenyesha kila siku kati ya hapo. Viti vikaazimwa kanisani, turubai likafungwa, kwaya ikaja na sare zake za bluu, Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Zakaria, akavaa koti. Vijana walikuwa wengi kuliko wazee kwa sababu walisikia vibarua vitaanza wiki ileile. Meza kuu walikaa mhandisi wa shirika, Bwana Sefu, Mzee Bitwale na mimi na kaunda suti yangu, mpya, ya kushonwa, ambayo niliiagiza kwa ajili ya safari ya pili ya ukweni lakini nikaona si vibaya ianze kazi mapema.

Nikasoma ripoti. Nilisoma vizuri, siwezi kujinyima sifa hiyo, sauti ilitoka, nikatua mahali pa kutua. Watu wakapiga makofi. Mzee Zakaria akauliza kama kuna swali, vijana wawili wakauliza habari za vibarua wakajibiwa na Bwana Sefu, kisha Bibi Agripina akasimama, kitenge kimoja kiunoni na kingine mabegani, akasubiri watu wanyamaze.

"Mwanangu bwana nyama," akasema, "karatasi yako imesema ulivuka bonde."

"Ndiyo, Bibi."

"Labda mpiga chapa alikosea."

Leo naelewa alichokuwa anafanya. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke bila kelele. Mimi nikaufunga.

"Hakukosea, Bibi. Nilivuka."

"Labda ulirudi siku nyingine nikiwa sokoni."

Mlango wa pili. Mzee Bitwale akageuza shingo akaniangalia, na nikaona kama nikirudi nyuma sasa nitakuwa nimemvua nguo mzee huyu mbele za watu (na kumbe siku ile kuvuliwa nguo ilikuwa zamu yangu).

"Nilivuka siku ileile tuliyoonana."

"Sawa," akasema Bibi. "Basi naomba utuonyeshe ulipopita. Mimi tangu nije hapa nikitaka kwenda ng'ambo nazunguka hadi darajani, na sasa miguu inauma. Kama kuna njia, utakuwa umetusaidia sote."

Watu wakacheka, si kwa ubaya, wakacheka kama watu wanaotaka kuona. Nami badala ya kusema maneno mawili tu, sikuvuka, yaani maneno ambayo hata hayafiki mawili, nikasimama nikavuta koti langu chini nikasema, "Nitawaonyesha," nikaikunja ripoti, nikaitia mfuko wa kifuani, nikaanza kuteremka. Mkutano mzima ukaja nyuma yangu. Kwaya nayo ikaja.

Naomba mnielewe, sikwenda pale kuigiza. Nilikusudia kuvuka kweli. Niliamua kwamba nikifika ng'ambo uongo wangu utakuwa umegeuka ukweli, umechelewa wiki tatu tu, na katika maisha yangu sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka ukingo ule wa pili. Nikaona vishina vya matete vimesimama kama vigoda, nikakanyaga cha kwanza, kikanibeba, cha pili, kikanibeba, cha tatu nikageuka nikawapungia mkono. Cha nne hakikuwa kishina. Kilikuwa nyasi zinazoelea.

Nikazama hadi magotini. Nikasikia mtu ukingoni akisema, "Rudi, bwana." Nikajiambia, Dauson, mbele. Nikang'oa mguu wa kulia, kiatu kikabaki chini, nikapiga hatua, nikazama hadi kiunoni, nikang'oa wa kushoto, kiatu cha pili nacho kikabaki (hivyo ndivyo viatu vile vilivyolegea hatimaye). Nikayashika matete kwa mikono miwili nikajivuta, hatua, nikajivuta tena, hatua, tope limeikumbatia suruali kama halitaki niondoke nayo, na nadhani nilikuwa nimefika katikati nilipoyatenganisha matete nikakuta mahali palipolala, pamekanyagwa pakawa kama jamvi, na juu ya jamvi hilo vifaranga wawili wa rangi ya kahawia hafifu, wadogo kama ngumi, wananiangalia.

Nikajua mara moja ile pembe niliyoifuta ilikuwa ya nani. Korongo mwenye taji, dume, alitokea kulia kwangu akiwa amefungua mabawa yote mawili, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimezama na yeye amesimama, tulikuwa tunatazamana macho kwa macho. Nikamwambia "samahani" (nilisema kweli, nakumbuka). Akanipiga teke la kifua, pale pale penye ripoti. Nikaanguka chali. Akanipiga bawa la uso, akanidonoa kofia, na jike akaanza kupuliza pembe yake kwa nguvu, nami nikapiga kelele ya kuomba msaada ambayo Doriti anasema shangazi yake huiiga mpaka leo, maana shangazi huyo, aliyeolewa Murungu, alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye ile kwaya na alisikia vizuri sana.

Wakarusha kamba ya kufungia ng'ombe. Nikaipitisha chini ya makwapa, wakavuta watu sita, nikahisi natoka kwenye tope taratibu kama jino, na kitu fulani hakitoki pamoja nami. Kifungo kilikatika. Mimi nilifika ukingoni, suruali haikufika.

Hapakuwa na kicheko mwanzoni, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akina mama wa kwaya waligeuka wote kwa pamoja kama wamefundishwa. Bibi Agripina akavua kitenge cha mabegani, akanirushia huku ameangalia pembeni, nikajifunga. Halafu mtoto mmoja akaanza, na baada ya hapo hakuna aliyebaki, hata Mzee Zakaria alilazimika kukaa chini kwenye nyasi na koti lake.

Mhandisi wa shirika ndiye aliyetangulia kutulia. Akanisogelea akauliza, "Huko ndani umeona nini?"

Hapo tena nilikuwa na nafasi. Kutoka ukingoni watu waliona mabawa tu juu ya matete. Bwana Sefu alikuwa amesimama karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, bila ubaya, kama mtu anayemshauri ndugu yake, "Sema ni ndege wa kupita tu. Vijana hawa wote wanasubiri kazi." Na ilikuwa kweli, walikuwa wanasubiri, niliwaona, wengine walikuja na majembe yao kabisa. Mchoro wa mradi ulikuwa unaonyesha barabara ikipita katikati ya bonde lile na mfereji wa kulikausha.

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nadhani mtu aliyevaa kitenge cha mjane na hana viatu hana tena cha kulinda. Nikaitoa ripoti kifuani, wino umetapakaa, haisomeki, nikasema kwa sauti ileile niliyosomea:

"Sikuvuka. Ijumaa ile nilikaa juu ya kichuguu, nikala karanga za Bibi, nikaondoka. Nilisikia ndege nikamfuta. Yupo, ana mke na watoto wawili, na barabara yenu inapita juu yao. Mzee Bitwale hakujua. Nilimdanganya."

Kijana mmoja nyuma akasema, "Yaani ndege wawili ndio watuzuie kazi?" Na wengine wakaitikia, kwa hasira sasa. Nikamwambia sijui kama watawazuia, kwa sababu kazi ya kujua ilikuwa yangu na sikuifanya, na nitaifanya. Akatema mate pembeni. Sikumlaumu.

Mzee Bitwale hakunifokea. Alinifungulia mlango wa Landrova, akatandika gazeti kwenye kiti, na tulipofika karibu na mjini ndipo akasema, "Una likizo ya siku ngapi?"

"Kumi na nne, mzee."

"Sasa huna."

Kesho yake nilirudi Murungu na gambuti, fimbo ndefu, na kitenge nilichokifua. Niliogopa zaidi kufika kwenye maharage yale kuliko nilivyoogopa korongo. Bibi Agripina akapokea kitenge, akakinusa, akakianika upya. Nikamwomba msamaha, nikamwambia nashukuru alivyowatetea wale ndege.

"Oya," akasema, yaani hapana. "Hao misambi wananifukulia mahindi kila yanapochipua, sina urafiki nao. Mimi niliuliza kwa sababu ulisema ulifanya jambo shambani kwangu, na mimi nilikuwepo, na hukulifanya. Nyumba zikishajengwa, kesho mwingine atasema kwenye karatasi kwamba hata mimi sikuwepo."

Akanionyesha njia ya darajani.

Nilikaa siku zile zote kwenye bonde. Niliingia kutokea ng'ambo, ambako chini ni kugumu, nikapima kina kwa fimbo kila hatua, nikarudi mahali pamoja asubuhi na jioni. Siku mbili za kwanza vijana walikuwa wakipita ukingoni wananiimbia, siku ya tatu mmoja wao, yule yule aliyetema mate, akavua viatu akaingia, akanionyesha kinyesi cha fisi maji chenye magamba ya kaa, kitu ambacho ningepita juu yake mara mia. Tukakuta jozi ya pili ya korongo upande wa juu. Tukakuta pia chemchemi ambayo kaya za ng'ambo zilikuwa zikichota maji, na mfereji wa kwenye mchoro ungeinywa yote. Hiyo, nadhani, ndiyo iliyowageuza watu zaidi kuliko ndege.

Mwishowe nyumba zilijengwa, chache kuliko zilizokusudiwa, juu karibu na barabara kubwa, bonde likaachwa. Kazi ilichelewa hadi kiangazi, na kuna vijana waliokuwa wameshaondoka kwenda Kakonko na kwingine kutafuta riziki, hao sikuweza kuwarudishia miezi yao. Bwana Sefu alininunia muda mrefu, akinipita barabarani na pikapu yake hasimami. Ukweni habari zilifika kabla yangu, shangazi alihakikisha. Baba mkwe hakuwahi kuligusia hata siku moja, kwa heshima, na mama mkwe mpaka leo nikivaa nguo nyeupe hukumbuka kwamba ana kitu jikoni. Doriti alikubali kuolewa nami. Alisema angalau ameshajua nikikamatwa na uongo nafanya nini, ila angependa siku nyingine nianze na ile sehemu ya mwisho.

Niliendelea na kazi ile miaka mingi, nimekagua mashamba, mabonde, hata uwanja mmoja wa mpira, na sitavaa tena viatu vya safari siku ya kazi, hilo nimeapa. Lakini kuna jambo jingine. Kila ripoti niliyoiandika baada ya Murungu ilianza na ukurasa wenye kichwa hiki: "Sehemu ambazo sikufika." Naandika zote, na kwa nini. Mvua. Uchovu. Niliogopa nyoka. Mzee Bitwale alipouona mara ya kwanza alisema ukurasa huo unatutia aibu, niuondoe. Nikamwambia, mzee, ukiuondoa huo na jina langu nalo liondoe. Akachukua kalamu, akasaini chini yake.